Mwambieni Anaumwa

Jumatatu, 7 Agosti

Baridi kali. Upepo unashuka kutoka mlimani na vumbi lake, mpaka kwenye uji. Nimempelekea Meinradi bakuli lake kabla sijaenda shule. Mdogo wangu, anayenifuata kwa kuzaliwa. Nyumba yake na yangu zinatazamana, katikati kichanja cha vyombo. Amekunywa kidogo tu, akageuza uso ukutani. Tumbo limejaa maji, miguu imekuwa vijiti. Hospitali wametuambia tukae naye nyumbani, tumpe anachotaka kula. Mtu mzima anajua maana ya maneno hayo.

Hataki chakula. Anamtaka Galusi, mwanawe wa kwanza.

Shuleni Mwalimu Zainabu ameletewa ujumbe na dereva wa basi la Tunduru. Kwao Namasakata. "Mama anaumwa, njoo." Hakuuliza anaumwa nini. Alijifunga khanga kiunoni, akasema inna lillahi, machozi yakaanza kumtoka palepale. Walimu wote tukasimama kumpa pole ya msiba. Ndivyo tulivyo. Kifo hakitamkwi kwa mtu aliye mbali. Husemwa anaumwa, na mwenye akili anaanza kulia.

Sijawahi kuipenda desturi hii. Uongo ni uongo, hata ukivishwa khanga mpya. Nimeshika darasa lake mchana wote, nimechoka.

Jumanne, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Hapa Songea sijui wanasherehekea nini. Ushirika wa tumbaku umebaki jengo na walinzi. Meinradi alikuwa karani humo karibu maisha yake yote, wakampunguza kazi kama mtu anayepogoa mti.

Nimeanika betri za redio juani, ameagiza mwenyewe. Michezo imefunguliwa Lusaka. Riadha, ngumi, netiboli, na mpira wa miguu. Nchi jirani zote zimepeleka timu. Ya kwetu imecheza leo, tumeshinda, Galusi kafunga. Mtangazaji alilitaja jina lake mpaka likanichosha. Wifi yangu, mama yake Galusi, alipiga kigelegele jikoni kisha akaona aibu.

Meinradi hakushangilia. Alisema, "Dada, nataka kuliondoa lile neno."

Niliandike, maana linanikaba. Mwaka ule ushirika ukiwa bado unalipa mishahara, alimtafutia Galusi kazi ya ukarani. Kijana akakataa, akaenda Dar kucheza mpira. Baba mtu alimfuata mpaka stendi, akamwambia mbele ya abiria: "Siku nikifa, usiguse udongo wangu." Mimi nilikuwepo. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini, wengine wote wanamsubiri. Na neno la mzazi haliondolewi na padri wala na mjomba. Aliyelitoa ndiye analiondoa, kwa kinywa kilekile. Anachukua maji mdomoni, anampulizia mtoto utosini. Basi, limekwisha. Lakini akifa nalo, limebaki.

Galusi hajakanyaga hapa tangu siku ile. Anatuma salamu na vitu, yeye haji. Nampenda Meinradi na nina hasira naye. Vyote viwili.

Posta imefungwa leo. Kesho.

Jumatano, 9 Agosti

Nimeomba ruhusa shule, nimekwenda posta. Dada wa simu ni mgeni, katoka Bukoba, mkali lakini mchapakazi. Alihangaika na laini mpaka akaipata hoteli ya wachezaji. Nikapewa afisa wa timu. Laini inakatakata, nikasema kwa kifupi kama ninavyoandika hapa. Baba yake Galusi anaumwa sana. Mwambieni aje haraka.

Kimya. Nikadhani imekatika. Kisha akajibu kwa sauti ya upole kabisa, "Poleni sana, Mama. Mungu awatie nguvu."

Muungwana yule. Nimerudi na moyo mwepesi. Nimemwambia Meinradi mwanao anakuja. Amekula ugali wa kutosha kumlisha kuku, lakini amekula.

Alhamisi, 10 Agosti

Wifi amefua mashuka ya Galusi. Meinradi ametaka anyolewe ndevu. Nimemnyoa mimi. Shingo imekuwa nyembamba, niliogopa wembe.

Ijumaa, 11 Agosti

Redio imetangaza mechi ya pili. Galusi amecheza. Yuko Lusaka, anakimbia uwanjani, wala hayuko njiani!

Sikujua nitazame wapi. Meinradi alikuwa amefumba macho, anasikiliza mpaka mwisho. Sare. Akasema tu, "Hajasamehe."

Odilo, mdogo wetu wa mwisho, alikuwepo. Zamani alikuwa dereva wa ushirika, siku hizi anauza mitumba na ana pikapu yake, basi anasema kwa sauti kubwa. Amesema mpira umemla mtoto yule. Ati mtoto anayeambiwa baba yake anaumwa sana na bado anavaa bukta, huyo si wa ukoo wetu. Nilimnyamazisha. Ila moyoni nilikubaliana naye.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimekwenda stendi basi la Njombe lilipoingia. Kwa ujinga wangu tu. Wameshuka watu na makuku yao. Hayumo.

Meinradi ameuliza kwa macho. Nimemrekebishia mto.

Jumapili, 13 Agosti

Misa ya kwanza. Nimemwombea mtoto na nimemlaani, kwenye benchi lilelile. Mungu ajichagulie.

Nusu fainali ilikuwa alasiri. Meinradi alisema tumwashie. Nilikuwa namsugua miguu mafuta. Kabla mpira haujaanza, mtangazaji akashusha sauti. Wachezaji wetu, anasema, wamefunga vitambaa vyeusi mkononi, kwa heshima ya marehemu mzazi wa mshambuliaji wetu Galusi, aliyefariki dunia wiki hii huko Songea. Akaomba wasikilizaji wote tutulie kidogo. Redio ikanyamaza.

Na sisi tukanyamaza. Mimi, wifi, na marehemu.

Nikaona tumbo la Meinradi linatikisika. Anacheka! Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, tukamwinua. "Dada," anasema, "nimekufa lini?"

Hapo nikaelewa. Mungu wangu, mimi. Mimi niliyemwona Zainabu akijifunga khanga Jumatatu. Nimechukua simu, nimesema anaumwa sana, aje haraka. Nani Tanzania hii akisikia hivyo anadhani mtu anaumwa? Yule afisa alinipa pole ya msiba, nami nikamsifu kwa uungwana.

Haikuishia hapo. Jirani nao wana redio. Mpira haujafika mapumziko, kina mama wa hapa kwetu Matogoro wameanza kuingia, kuni kichwani, unga kwenye mabakuli, wanalia tangu barabarani. Wa kwanza alipomwona Meinradi ameegemea mto akadondosha kuni mlangoni. Mwingine akakimbia kabisa. Nimewaeleza mmoja mmoja, sauti imenikauka. Kuni wamekubali kuzichukua. Unga hakuna aliyeurudisha. Unga wa msiba haurudi nyumbani, wanasema, unakaribisha msiba mwingine. Umejaa ndoo, upo pembeni mwa chumba changu. Nauona kutoka kitandani.

Tumeshinda, tunaingia fainali. Amefunga Galusi. Meinradi alikuwa amelala.

Jumatatu, 14 Agosti

Posta, kabla hawajafungua. Dada wa simu akaniunganisha. Yule afisa tena. Nikamwambia, baba yu hai. Akasema, "Naelewa, Mama. Anaumwa." Nikasema si anaumwa, yu hai, jana kacheka! "Ndiyo, Mama. Tunaelewa kabisa." Anasema vile mtu anavyozungumza na mfiwa. Nikampigia kelele, watu wa foleni nzima wakageuka. Akaenda kumwita Galusi.

Miaka yote sijasikia sauti ile. Imekuwa nzito, ya baba yake.

"Shikamoo, Shangazi. Mmemzika wapi?"

Nikamwambia hajazikwa, hajafa, njoo. Akasema, "Shangazi, mimi si mtoto. Siku babu alipofariki nawe uliniambia anaumwa."

Kweli. Nilimwambia hivyo. Mimi nisiyependa desturi.

Nikaapa kwa Bikira Maria. Nikasikia analia. "Ningekuja kufanya nini? Nisimame pembeni, wenzangu watie udongo? Aliniambia nisiguse. Acheni nicheze, Shangazi. Huku ndiko kulikonibakia." Akaweka simu chini.

Nimerudi kwa miguu. Naona haya kuandika hili. Nimemweleza Meinradi lote, sikumficha hata neno. Alitazama dari. Kisha akasema, "Nipelekeni kwenye hiyo simu."

Nilikataa. Njiani tungemmaliza. Wifi, ambaye huwa hasemi, akasema, "Wifi, hata hapa anakwisha. Mpelekeni."

Jumanne, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa. Watu wanakwenda kanisani na nguo nyeupe, sisi tunampakia mgonjwa kwenye pikapu ya Odilo. Tumemlaza juu ya marobota ya mitumba, mablanketi mawili, wifi kashika kichwa, mimi miguu. Odilo aliendesha polepole kama amebeba mayai. Njia nzima hakusema kitu, na si kawaida yake.

Posta watu wametupisha. Habari za redio zilikuwa zimefika mjini, wengine walimjua. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba. Tukamkalisha kwenye kiti ndani ya kile kichumba cha simu, nusu ya mwili nje. Dada wa Bukoba alihangaika na laini. Alipatikana yule afisa, akapatikana Galusi. Nikamwekea Meinradi mkonga wa simu sikioni.

Hakusema niko hai. Hakusema habari ya huko. Alisema, "Galusi, ulipocheza Jumanne, ulifunga kwa mguu wa kushoto. Nani alikufundisha kushoto? Nilikukataza." Akapumzika. "Mtangazaji alisema kushoto."

Sauti upande wa pili ilitoka kwa nguvu, hata mimi niliisikia. "Dadi! Dadi!" Baba, kwa Kingoni cha utotoni, hicho tu.

Meinradi akasema, "Inama."

Akanigeukia, akaonyesha kikombe kwenye meza ya dada wa simu. Maji yake ya kunywa. Nilimpa. Akachukua maji mdomoni, akayaweka humo kidogo, akashika mkonga kwa mikono yote miwili, akaupulizia. Pale pa kusemea. Maji yametapakaa kwenye simu, ukutani, kwenye daftari la wateja. Dada wa simu alipiga yowe, "Mzee! Mali ya serikali!" Mkonga ukatoa sauti ya mafuta yanayokaanga, ukazima.

Watu waliokulia hapa hawakucheka. Walielewa. Odilo alivua kofia.

Dada wa simu alifuta simu kwa sketi yake. Akaniuliza yule mzee amefanya nini. Nilimweleza. Akakaa kwenye stuli yake, akaendelea kufuta, sasa taratibu. Hakutuandikia faini. Simu haikuamka tena leo, na hatujui Galusi alisikia wapi, aliishia wapi.

Kwenye marobota Meinradi alisema, "Limetoka." Akalala mpaka nyumbani.

Jumatano, 16 Agosti

Redio ya mchana imesema mshambuliaji wetu ameondoka kambini jana jioni, hatacheza fainali ya Jumamosi. Mtangazaji anasikitika. Amesema msiba ni msiba.

Anakuja.

Odilo ameanza. Kaniambia uani, wifi asisikie. Ati maji yale yamelowesha simu ya serikali, hayakulowesha utosi wa mtoto. Neno lilitoka uso kwa uso, linaondoka uso kwa uso. Akifika baba yupo, vema, atapuliziwa upya. Akifika hayupo, udongo atatia yeye Odilo. Nikamwambia tusubiri. Nimekasirika kwa sababu sina jibu. Hata mimi sijui kama maji yanapita kwenye waya.

Meinradi hajala leo. Ananiuliza Tunduma mpakani iko mbali gani. Nimemwambia amekwisha kupita Tunduma. Sijui kama ni kweli.

Alhamisi, 17 Agosti

Meinradi ametutoka asubuhi, jua limefika dirishani. Mimi na wifi tulikuwepo. Alipumua, tukasubiri, hakupumua.

Nimemfunga kidevu. Nimefunika redio kwa khanga. Nimefungua ndoo ya unga.

Kina mama wamerudi na kuni zilezile. Safari hii hakuna aliyekimbia.

Odilo alitaka tuzike leo. Jua kali, hatuna barafu, na padri yupo. Wazee walimwunga mkono. Nikaweka stuli mlangoni kwa maiti, nikakaa. Nikasema mkubwa wa nyumba hii ni mimi, atakayemtoa anitoe mimi kwanza. Mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu, si busara." Nikamjibu si busara, ndiyo. Kesho jioni, si kabla.

Nimekaa pale siku nzima. Mgongo unaniuma.

Ijumaa, 18 Agosti

Nilikwenda stendi mwenyewe. Odilo alitaka kutuma watu, nikakataa. Nilisema nitamwambia ukweli kwa mdomo wangu, hapohapo stendi, bila khanga. Baba yako amefariki jana asubuhi. Nilijifunza sentensi hiyo njia nzima kama mwanafunzi wa shairi.

Basi la Njombe likaingia na vumbi lake. Akashuka. Mrefu, suti ya michezo ya timu ya taifa, macho mekundu, mfuko mmoja. Akanipigia magoti palepale kwenye mafuta machafu. "Shikamoo, Shangazi." Marahaba. Akaniuliza, "Baba anaendeleaje?"

Nikafungua kinywa.

"Anaumwa," nikasema. "Twende nyumbani."

Sijui ilitoka wapi. Miaka yangu yote ya kusimama mbele ya watoto na kuwaambia semeni kweli. Ilitoka yenyewe, kwa sauti ya mama yangu na bibi yangu. Galusi alinitazama. Hakuuliza anaumwa nini. Akachukua mfuko, akanishika mkono, tukatembea. Tulipofika sokoni alikuwa analia, nami nalia, hatujatajiana kifo, na nikajua kwa nini wazee walifanya hivi. Neno lile halibebeki na mtu mmoja stendi. Lazima litembezwe kidogo.

Kaburini. Niandike kama ilivyokuwa.

Jeneza limeshuka, padri kanyunyiza maji yake. Galusi akainama kuchukua udongo. Odilo akamshika mkono. Hakumshika kwa ubaya. Alikuwa analia. Alisema kwa wote wasikie: "Mwanangu, neno lile tulilisikia stendi. Kama liliondoka, hakuna aliyeona. Usije ukaumia baadaye, ukatulaumu. Niachie mimi."

Padri akafunga kitabu chake, Mngoni huyu, anajua.

Galusi hakuutoa mkono. Alisema polepole, "Baba mdogo, nilikuwa kwenye korido ya hoteli, watu wanapita. Akaniambia niiname, nikainama. Nikasikia maji. Simu ikafa. Nikajifuta uso." Akautazama mkono wake. "Nilipouangalia mkono, ulikuwa mkavu. Lakini nilijifuta. Kwa nini nilijifuta?"

Odilo akauachia mkono. Akapiga goti kando ya kaburi, akachota udongo yeye mwenyewe kwa viganja, akamtilia Galusi mikononi.

Galusi akaushusha. Ulisikika juu ya mbao. Ndipo wengine tukafuata.

Jumapili, 20 Agosti

Sikwenda misa. Upepo umetulia.

Fainali ilichezwa jana. Hapa msibani redio bado imefunikwa, na wapita njia wanaojua matokeo wamenyamaza. Galusi hajauliza.

Zainabu amerudi kutoka kwao, amepita kunipa pole. Nami nikampa yake. Tumekaa kwenye mkeka hatuna la kuongeza, tumekunywa chai.

Unga wa Jumapili ile umekwisha leo.

Siku ya maziko kila mtu alinawa kwenye beseni lililowekwa getini, ndiyo desturi. Galusi alilipita bila kunawa. Odilo aliona, mimi niliona. Asubuhi hii anamchanjia mama yake kuni, na udongo ungali chini ya kucha zake. Nimemwekea maji ya vuguvugu na sabuni juu ya kichanja. Yamepoa, hajayagusa. Nimeyamwagia maua.